Nyundo, Maji na Daftari

Je, penseli inaweza kuokoa maisha ya mtu? Soma habari hii ya wanafunzi wanaochunguza mawe katika nchi ya Australia.

Australia ni nchi kubwa, na sehemu kubwa ya nchi hiyo ni kame. Upande wa magharibi kuna eneo liitwalo Pilbara. Udongo wake ni mwekundu kwa sababu una chuma kilichoshika kutu. Watu ni wachache, na miji iko mbalimbali.

Joto la huko ni kali. Katika mji mdogo wa Marble Bar, tangu Oktoba 1923 hadi Aprili 1924, joto lilifika nyuzi 37.8 au zaidi kila siku, kwa siku 160 mfululizo. Miezi ya Juni hadi Agosti ni afadhali. Wakati huo wanafunzi wa Ulaya na Marekani wako likizo ndefu.

Mwanafunzi hubeba nyundo, dira, ramani, maji na daftari. Akifika kwenye mwamba, hupima umeinama vipi na umeelekea wapi. Kisha huvunja kipande, hukipa namba, na kuandika namba hiyo, tarehe na mahali. Kipande kisichoandikwa ni jiwe tu. Hata mwalimu wake hatajua kilitoka wapi.

Kazi hii ina faida. Huko Pilbara wataalamu waligundua mawe yenye matabaka, kama chapati zilizopangwa moja juu ya nyingine. Wanasema yalijengwa na vijidudu vya majini miaka milioni 3,480 iliyopita. Ni miongoni mwa alama za kale kabisa za uhai duniani.

Sasa, penseli huokoaje maisha? Kabla ya kuondoka kambini, wanafunzi huandika wanakwenda wapi, watapita njia gani, na watarudi saa ngapi. Karatasi hiyo huachwa kwa mwenzao. Saa ikipita, wenzao hujua pa kuwatafuta. Gari likiharibika, hawaliachi. Hukaa kivulini karibu nalo na maji yao, kwa sababu gari huonekana upesi kuliko mtu.

Ndugu msomaji, nawe sasa unajua kuandika. Ukienda mbali, acha karatasi nyumbani. Ukimpelekea bwana shamba udongo wa kupima, andika umetoka shamba gani na tarehe gani. Usipoandika, atakuwa na mfuko wa udongo tu.