Mji Ufuatao Reli

Mtu atakaye kujenga nyumba hutafuta kwanza kiwanja, kisha huchora ramani, ndipo huwaita waashi. Hakuna mwenye akili aanzaye kwa paa. Lakini miji mingi ya ulimwengu hujengwa kinyume cha utaratibu huo. Watu huhamia kwanza, nyumba husongamana, na mwishowe wakubwa hukumbuka ya kwamba watu hao wahitaji njia ya kuwafikisha kazini. Leo twapenda kuwasimulia wasomaji wetu habari za mji mmoja wa Ulaya uliojenga kwa namna mbili: mara ya kwanza kwa utaratibu, mara ya pili kwa haraka. Mji huo ni Stockholm, mji mkuu wa Uswidi.

Ardhi kwanza

Tangu mwaka 1904 serikali ya mji wa Stockholm ilianza kununua mashamba na misitu iliyouzunguka mji. Pengine msomaji atauliza: mji una haja gani na mashamba? Wazee wetu wamekwisha kujibu: akiba haiozi. Mwaka 1907 sheria ya nchi ikaruhusu ardhi ya namna hiyo ikodishwe kwa muda mrefu pasipo kuuzwa. Aliyejenga juu yake alikuwa mwenye nyumba, lakini mji ulibaki mwenye ardhi. Basi thamani ya ardhi ilipopanda, faida yote haikuingia mfukoni mwa mlanguzi. Sehemu yake ilirudi katika hazina ya wote.

Mwaka 1941 baraza la mji lilikata shauri kujenga metro, yaani treni ya umeme ipitayo chini ya ardhi katikati ya mji, na juu ya ardhi huko pembeni. Njia ya kwanza ilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 1950. Na kwa kuwa mji ulikuwa na ardhi yake wenyewe, wakubwa waliweza kuamua mambo mawili kwa pamoja: treni itasimama wapi, na watu watakaa wapi.

Shanga katika uzi

Mkuu wa ofisi ya ramani ya mji tangu 1944 hata 1954 alikuwa Sven Markelius. Yeye na wenzake hawakutaka mji utapakae ovyo kama maji yaliyomwagika. Walitaka vitongoji vipya vipangwe kandokando ya reli kama shanga katika uzi, kila kimoja na kituo chake.

Kitongoji kilichojulikana kuliko vyote chaitwa Vällingby, upande wa magharibi. Treni ilifika huko mwezi wa Oktoba 1952. Miaka miwili baadaye, tarehe 14 Novemba 1954, kitovu chake kilifunguliwa rasmi. Angalieni utaratibu: treni ilitangulia, maduka yakafuata, na nyumba zilikuwa zikijengwa wakati uo huo.

Kitovu hicho kilijengwa juu ya reli yenyewe. Mtu atokaye katika treni hujikuta mara moja penye maduka, maktaba, sinema na uwanja wa kupumzikia. Nyumba za ghorofa ziliwekwa karibu na kituo, kwa desturi zisipite meta 500, mwendo wa dakika sita au saba kwa miguu. Nyumba ndogo zenye bustani ziliwekwa mbele kidogo, lakini zisizidi kilometa moja hivi. Maana yake ni wazi. Mahali wakaapo watu wengi, kituo kiwe karibu, ili mama mwenye mtoto mgongoni na mzee mwenye fimbo wasihitaji motokaa.

Waswidi waliuita mji wa namna hii mji wa ABC, kwa herufi za kwanza za maneno yao matatu: Arbete, Bostad, Centrum, ndiyo kazi, makao na kitovu. Walitumaini ya kwamba nusu ya wenyeji wenye kazi wataipata papo hapo. Tumaini hilo halikutimia. Wengi walipanda treni kila asubuhi kwenda kazini mjini, na wengine walikuja kutoka kwingine kufanya kazi Vällingby. Mwanadamu si ushanga. Huchagua mwenyewe kazi yake. Lakini kwa kuwa treni ilikuwapo, kosa hilo la hesabu halikumfunga mtu nyumbani.

Haraka na matunda yake

Baadaye uhaba wa nyumba ulizidi. Mwaka 1965 Bunge la Uswidi liliamua kujenga nyumba milioni moja kwa miaka kumi. Nia ilikuwa njema, kwani jamaa nyingi zilikuwa zikingoja makao miaka mingi. Katika uwanda wa Järva, uliokuwa mahali pa mazoezi ya askari, vikajengwa vitongoji vya Tensta na Rinkeby. Ardhi ilikuwapo. Ramani ilionyesha metro. Lakini jamaa za kwanza zilihamia Tensta miaka ya mwisho ya 1960, na metro haikufika mpaka tarehe 31 Agosti 1975.

Muda huo wote wenyeji walitegemea mabasi, wakaishi kati ya matope na kelele za ujenzi. Sifa mbaya ya kitongoji ilienea magazetini mapema, nayo sifa mbaya haifutiki upesi kama tope la viatuni. Hatusemi ya kwamba kukawia kwa treni ndiyo asili ya taabu zote zilizofuata. Lakini waliopewa nyumba bila njia walipewa nusu ya zawadi.

Nasi je?

Sisi wa Kongo hatuna metro. Lakini nani kati yetu hajaona jinsi bei ya viwanja irukavyo mara tu isikiwapo ya kwamba barabara kubwa itapita? Mwenye fedha hununua usiku, maskini huuza asubuhi, na njia inapofunguliwa yule maskini yu mbali nayo kuliko zamani.

Basi tusikiapo habari za reli au njia mpya, tusiulize tu ni fedha ngapi na ni lini. Tuulize: ardhi ya kandokando ni ya nani leo, na kesho itakuwa ya nani? Mtoto wa shule atatembea dakika ngapi hata kituoni? Na jamaa zitakapohamia, je, njia itakuwa imekwisha kufika? Maswali haya hayahitaji elimu kubwa. Yahitaji kuulizwa mapema, wakati ardhi ingali na bei ndogo na kalamu ingali juu ya ramani.