Skadi, mke aliyekosa usingizi pwani

Kwanza mwalimu hugawa barafu. Ni ile ya wachuuzi wa samaki, imepondwa kwa mchi ndani ya gunia, na kila mwanamke hupata kipande kimoja kiganjani. Hakuna kukitupa. Kiganja kinauma, kisha kinakufa ganzi, maji yanapenya kati ya vidole na kudondokea leso. Muda wote huo mwalimu hasemi neno. Kipande kikiisha, huwaambia wapanguse uso kwa mkono ule ule, wafumbe macho, ndipo anapowapandisha milimani kwa Skadi.

Haya ni mazoezi ya kuwatuliza wanawake waliokosa usingizi, na hufanyika Kisumu Ndogo, Malindi, katika chumba cha kupanga chenye paa la mabati, alasiri ya Jumapili, joto la kaskazi likiwa limejaa hadi kwenye kona. Skadi ni mungu wa kike wa baridi katika hadithi za kale za Skandinavia: binti wa jitu, mwindaji wa upinde, anayekwenda juu ya theluji kwa mbao za kutelezea. Amefikaje huku? Swali hilo lilinikaa.

Amefika kwa njia ya kazi. Mwalimu, mama wa Kigiriama aliyeomba nisimtaje jina, aliwakanda watalii miaka mingi huko Watamu na Malindi. Mji huu umezoeana na Wazungu, hasa Waitaliano, ambao mwaka 1967 walianza kurusha setilaiti kutoka jukwaa la San Marco pale Ngomeni. Hadi leo wapo wauza mboga wanaopatana bei kwa Kiitaliano. Baadhi ya wageni wake walipenda, wakishakandwa, waongozwe kwa sauti: walale, wavute pumzi, wafuate hadithi. Mmoja wao ndiye aliyemletea hadithi za wanawake wa baridi, Skadi akiwemo. Alimsimulia Frau Holle wa Wajerumani, ambaye akikung'uta godoro lake la manyoya ya ndege theluji huanguka duniani. Alimsimulia pia Cailleach, bibi kizee wa Scotland na Ireland, anayefua shuka lake kwenye mkondo wa Corryvreckan mpaka litakate na nchi igeuke nyeupe. Mama akawasikiliza wote, akamchagua Skadi.

Alimchagua kwa sababu ya usingizi. Hadithi yenyewe iliandikwa na Snorri Sturluson wa Iceland katika miaka ya 1220. Miungu walimuua baba yake Skadi, naye akavaa silaha akaenda kudai damu. Wakamtuliza kwa fidia: achague mume miongoni mwao, ila asione chochote isipokuwa miguu. Akaona miguu mizuri, akadhani ni ya Baldr, kijana aliyesifiwa kwa uzuri. Kumbe ni ya Njord, mungu wa bahari, upepo na uvuvi. Wakapatana walale usiku tisa kwake milimani na usiku tisa kwa mume ufukweni. Njord hakuustahimili mlio wa mbwa mwitu. Na Skadi, alipofika pwani, hakupata lepe la usingizi kwa kelele za shakwe. Akarudi kwao mlimani.

Hapo pa shakwe ndipo mwalimu anapotulia. Hushusha sauti, humwacha Skadi amelala macho wazi huku ndege wakipiga kelele, kisha huwataka wanawake waitaje kila mmoja kelele yake, kimoyomoyo. Wengine baadaye waliniambia zao: kunguru wanaokwaruza mabati alfajiri, tuktuki, jirani anayerudi na mnazi kichwani, ujumbe wa kudai mkopo unaoingia kwenye simu saa nane za usiku. Haambiwi mtu aifukuze kelele. Anaambiwa aitambue, halafu atoe pumzi polepole, ndefu kuliko aliyoivuta. Hakuna uchawi hapo; pumzi ikitolewa taratibu namna hiyo, mapigo ya moyo hupungua.

Nilimuuliza kwa nini asimtumie Mepoho, nabii wa Wagiriama aliyetabiri kuja kwa wageni kisha, kwa masimulizi ya wazee, akadidimia ardhini. Au Mekatilili wa Menza, aliyewaamsha watu mwaka 1913 kwa ngoma ya kifudu dhidi ya Waingereza. Jibu lake lilikuwa refu kuliko yote aliyoniambia. Hao ni wetu, alisema, na ndiyo shida. Ukimtaja Mepoho, yuko anayekumbuka shamba lililochukuliwa na yeye kubaki skwota. Ukiitaja kaya, msitu mtakatifu wa wazee, yuko aliyekatiwa babu yake kwa mapanga, kosa lake ni mvi na uvumi wa uchawi. Mtu kama huyo hapumziki, anaamka. Theluji haimdai mtu hapa. Unaikanyaga bila kumkanyaga marehemu wa yeyote.

Nakubaliana naye nusu. Bado natamani Mekatilili apate nafasi kwenye mkeka ule, maana binti anayeijua miguu ya Njord asiijue kifudu amedhulumiwa. Lakini mama aliyekesha wiki nzima simwambii asubiri hadi tumalize kuponya historia.

Kikao kikiisha, mazungumzo huhamia kwenye ndoa. Watu wawili walioshindwa kulala pamoja, wakaachana bila ngumi: jambo hilo liliwashangaza wengi. Mmoja, mke wa mvuvi, akauliza: ikiwa mume ndiye aliyekuwa fidia ya damu ya baba, na ndoa imevunjika, je, deni limelipwa? Hakuna aliyemjibu, hata mwalimu.

Mlango wa chumba haufungwi. Hii ni kaunti ya Kilifi, yenye msitu wa Shakahola, ambako tangu Aprili 2023 imefukuliwa miili zaidi ya 400, mingi ya watu waliofuata sauti ya mhubiri mmoja hadi kufa njaa. Mwalimu analijua hilo kila anaposema fumbeni macho. Hakusanyi sadaka, hamfungishi mtu saumu, na anayetaka kutoka katikati hutoka. Je, inatosha? Jirani yake wa nyumba ya pili anasema haitoshi; yeye hatafumba macho tena mbele ya sauti ya mtu. Mwalimu hakubishana naye. Alimwambia aje akae karibu na mlango, macho wazi. Hadi naandika haya, hajaja.