Nguzo za Beit al-Ajaib zirudi mahali pake

Mimi ni fundi wa kuchomelea. Natengeneza mageti na madirisha hapa mjini Unguja, na ugomvi wangu wa kila siku ni kutu. Wenzangu wakitaja Beit al-Ajaib, lile jumba la kifalme la Mji Mkongwe, mimi nawauliza habari za chuma chake.

Vyumba vya Mji Mkongwe ni vyembamba kwa sababu ya boriti: mkoko uliokatwa haupiti sana mita 3, na chumba kinaufuata. Sultani wa Zanzibar, Seyyid Barghash, alipojenga jumba lile mwaka 1883, alitia mihimili ya chuma, kumbi zikapanuka, na roshani zake pana zikabebwa na nguzo ndefu za chuma cha kumimina. Mizinga ya Waingereza ya mwaka 1896 ilivunja Beit al-Hukm, jirani yake, hili likasalia.

Lakini chuma kilichofunikwa ndani ya sakafu, kikifikiwa na unyevu wenye chumvi, huota kutu, na kutu hutaka nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Zege hupasuka, maji yakazidi kupenya, na huku nje rangi inang'ara. Tarehe 25 Desemba 2020, matengenezo yakiendelea, sehemu kubwa ya upande wa baharini iliporomoka pamoja na mnara wa saa. Wafanyakazi wawili walifariki, Mwenyezi Mungu awarehemu.

Sikubali tusimamishe nguzo mpya za kufanana na zile, kisha tuseme jumba limerudi. Chuma cha kumimina hustahimili kugandamizwa, ila kikivutwa au kupigwa hukatika. Ukikichomelea kwa pupa, hupasuka pembeni mwa mshono. Hukubali kikipashwa moto taratibu, kikaungwa kwa rodi za nikeli, kikaachwa kipoe ndani ya majivu. Kazi ndefu, lakini inawezekana.

Kule Coalbrookdale, Uingereza, liko daraja la chuma cha kumimina la mwaka 1779, vipande vyake vimeunganishwa kwa ndimi na matundu kama milango ya seremala. Mwaka 1934 lilifungwa kwa magari. Watu wanapita kwa miguu hadi leo. Lilipunguziwa mzigo, halikung'olewa.

Nasi tufanye hivyo. Pua mpya ichukue uzito ulioshinda chuma cha zamani, ipigwe muhuri wa mwaka wake, na nguzo nzima zisimame zilipokuwa. Zilizovunjika zisihesabiwe chuma chakavu: kila kipande kipewe namba, kisuguliwe kwa brashi ya waya, kipakwe rangi ya redoksaidi ya kuzuia kutu, kiwekwe chini ya paa mbali na upepo wa bahari mpaka zamu yake ifike.