Feni sita, taa za rangi na uniti za LUKU

Seti ya feni sita zenye taa, pamoja na kisanduku chake cha kuziongoza na rimoti, ndiyo inayowavuta vijana wengi wanaojiundia kompyuta ya studio au ya magemu. Bei moja, kila kitu ndani ya boksi. Kwa mkazi wa Dar es Salaam inaweza hata kuwa ununuzi mzuri. Kwa wa Kasulu au Kibondo naiweka mwisho kabisa, na sababu ni plagi.

Feni nyingi za seti hizo huja na plagi ya pini sita isiyoingia popote ila kwenye kisanduku chake. Kisanduku kikiungua, feni zote sita zinasimama zikiwa nzima, na hakuna mazabodi ya kuzipokea. Cha kampuni nyingine huenda kikawa na mpangilio tofauti wa nyaya hata kama plagi inafanana. Mtu wa Dar atarudi Kariakoo mchana huohuo. Wewe uko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapo, unasubiri kifurushi cha basi. Wa Kibondo anaweza kuagiza Kahama au Mwanza, mzigo ukashuka kwa njia ya Nyakanazi na Kakonko. Wa Kasulu ana Kigoma mjini. Huko kote, feni ya kawaida ni rahisi kuipata kuliko kisanduku cha seti fulani. Halafu rimoti hiyo haijui joto la kompyuta: kasi unaibadilisha wewe, ukikumbuka.

Feni za kawaida zina pini tatu au nne. Ya pini nne ina waya wa ziada unaopokea amri ya kasi kutoka kwenye mazabodi. Ya pini tatu huongozwa kwa kupandisha na kushusha volti. Zote huchomekwa sehemu moja, ila ya pini tatu itakimbia kasi yote kama mipangilio ya BIOS haijawekwa kwenye hali ya volti. Hapo BIOS ndipo penye udhibiti wa bure: unapanga feni izunguke polepole kompyuta ikiwa baridi na iongeze kasi joto likipanda.

Mazabodi ikiwa na nafasi moja tu, njia ya bei ya chini kabisa ni waya wa kugawa, unaotoa matawi mawili au matatu. Soma kwanza karatasi iliyobandikwa katikati ya feni. Nafasi moja ya mazabodi kwa kawaida hubeba ampea 1, na feni ya sentimita 12 mara nyingi hula kati ya 0.1 na 0.3. Tatu ni sawa. Sita usijaribu, maana feni ikianza kuzunguka huvuta zaidi ya hapo, na kinachoungua ni mazabodi, si waya. Tawi moja tu ndilo litakaloripoti mizunguko. Usidhani mengine yameharibika.

Kuanzia feni nne, nunua habu ya kuchomekwa kwenye waya wa SATA wa pawasaplai. Umeme unatoka huko, mazabodi inatoa amri tu. Bei yake iko juu ya waya wa kugawa, lakini feni moja ikifa unabadilisha hiyo moja, kwa feni yoyote ya pini nne. Kwa studio ya Kasulu ningelipa tofauti hiyo bila kusita.

Mwenye steshenari anayetumia Dell au HP ya ofisi ya mtumba ana hesabu nyingine. Nyingi za mashine hizo zina plagi za feni za kampuni yenyewe, na nyingine hulalamika zikiwashwa bila feni yake ya asili. Usiikate plagi hiyo. Ongeza feni moja ya kuingiza hewa mbele, ipate umeme wa pawasaplai, iwe na kitufe cha kupunguza kasi. Inatosha.

Sasa taa. Zipo za volti 12, za pini nne, ambazo zote huwaka rangi moja kwa pamoja. Na za volti 5, za pini tatu zenye pengo, ambazo kila taa hujitegemea. Ukiingiza ya volti 5 kwenye volti 12 imekwisha, wala fundi hawezi kuirudisha. Kabla ya kuagiza, mtumie muuzaji picha ya pini za mazabodi yako, si jina la kompyuta.

Tuseme kila feni ina taa 12: jumla 72. Taa moja ya aina ya volti 5 ikiwaka nyeupe kwa nguvu zote huweza kufikia miliampea 60. Kwa taa zote 72 ni ampea 4.3, wakati nafasi ya taa kwenye mazabodi nyingi huishia 3. Zikiwaka nyekundu tupu zinakula theluthi moja tu. Kwa umeme, nyeupe hiyo ni wati 21.6, na feni sita za ampea 0.2 ni wati 14.4. Saa kumi kwa siku, kwa mwezi, feni zinakula uniti 4.3 na taa uniti 6.5. Kwa uniti ya shilingi 356, feni ni kama shilingi 1,540 na taa 2,300. Si fedha ya kumfilisi mtu, lakini pambo linakula kuliko kazi. Umeme ukikatika, wati 36 hizo zinaikausha UPS ndogo karibu kama kompyuta ya pili ya ofisi inayofanya kazi nyepesi.

Kuna gharama isiyoandikwa kwenye boksi: vumbi jekundu la kiangazi, Juni hadi Septemba. Feni sita zinavuta vumbi la feni sita. Weka nyingi zaidi za kuingiza hewa kuliko za kutoa, zile za mbele zikiwa na chujio, ili hewa itokee kwenye nyufa za kasha badala ya kuingilia huko. Na unapopuliza kwa blowa, shika mapanga kwa kidole. Feni inayozungushwa kwa nguvu huweza kuzalisha umeme na kuurudisha kwenye mazabodi.