Craig Jordan: Mtaalamu aliyeinua dawa ya kansa ya matiti, kisha akafichua hatari yake

Kidonge cha tamoksifeni kimeokoa maisha ya wanawake wengi sana duniani, na Shirika la Afya Duniani, OMS, limekiweka kwenye orodha ya dawa za lazima. Lakini zaidi ya miaka 50 iliyopita, kilikuwa dawa iliyoshindwa kazi yake ya kwanza.

Dora Richardson, mwanakemia wa kampuni ya ICI huko Uingereza, aliitengeneza mwaka 1962. Kampuni ilikuwa inatafuta dawa ya kuzuia mimba. Kwa panya ilifaulu. Kwa wanawake ikafanya kinyume: ilisaidia yai kutoka. Mwaka 1971, waganga wa hospitali ya Christie, mjini Manchester, walitangaza kwamba waliijaribu kwa wagonjwa 46 wenye kansa ya matiti iliyoendelea sana, na 10 kati yao wakapata nafuu.

Wakati huo Craig Jordan alikuwa kijana anayesomea udaktari wa sayansi ya dawa katika Chuo Kikuu cha Leeds. Alizaliwa Texas, Marekani, mwaka 1947, mama yake akiwa Mwingereza, na akakulia Uingereza. Utafiti wake ulihusu dawa zinazozuia homoni ya estrojeni, jambo ambalo wakati ule wachache walilijali. Mwaka 1972 alienda kufanya kazi Worcester, Marekani, na huko akaanza kuijaribu tamoksifeni kwa panya waliopewa kemikali inayoleta kansa ya matiti.

Aligundua kwamba dawa hiyo inakaa mahali ambapo estrojeni ingekaa ndani ya uvimbe, kama ufunguo mbovu unaoziba tundu la kufuli. Estrojeni ikikosa nafasi, uvimbe unakosa chakula. Majaribio yake yalionyesha pia kwamba matunzo ya muda mrefu yanafaa kuliko ya muda mfupi. Leo wagonjwa wengi huimeza kwa miaka mitano au hata kumi. Kwa wenye kansa inayotegemea estrojeni, miaka mitano ya dawa hupunguza vifo vya ugonjwa huo kwa karibu theluthi moja.

Marekani iliruhusu tamoksifeni mwaka 1977. Kufikia miaka ya 1980, wataalamu walianza kufikiria kuwapa hata wanawake wazima ili kuwakinga. Hapo ndipo swali gumu lilipotokea: dawa ambayo mgonjwa anaikubali kwa kuogopa kifo, je, ni salama kwa mtu asiye na ugonjwa?

Jordan, ambaye sasa alikuwa Chuo Kikuu cha Wisconsin, alitafuta jibu pamoja na wenzake. Waliwapandikiza vipanya uvimbe wa aina mbili: wa kansa ya matiti na wa kansa ya mfuko wa uzazi. Kisha wakawapa tamoksifeni. Uvimbe wa matiti ulizuiwa. Ule wa mfuko wa uzazi ukakua.

Matokeo hayo yalitangazwa mwaka 1988. Mtu aliyetumia miaka mingi kuitetea dawa ndiye aliyetoa onyo juu yake. Mwaka uliofuata, takwimu za wagonjwa wa Sweden zilionyesha hatari hiyohiyo kwa wanawake. Tangu hapo, waganga walianza kuchunguza kwa makini mfuko wa uzazi wa wanaotumia dawa hiyo.

Jaribio kubwa la Marekani lililohusisha wanawake zaidi ya 13,000 lilitoa majibu mwaka 1998: tamoksifeni ilipunguza kwa karibu nusu visa vya kansa ya matiti kwa wanawake walio katika hatari kubwa. Lakini kansa ya mfuko wa uzazi na kuganda kwa damu viliongezeka, hasa kwa waliopita miaka 50.

Jordan hakuishia kwenye onyo. Mwaka 1987 alikuwa ameonyesha kwamba dawa nyingine, raloksifeni, inalinda mifupa ya panya. Baadaye ikawa dawa ya mifupa kwa wanawake waliokoma hedhi, na tangu mwaka 2007 Marekani inairuhusu pia kuwakinga na kansa ya matiti. Haiongezi kansa ya mfuko wa uzazi.

Mwaka 2018 yeye mwenyewe aligunduliwa kuwa na kansa ya figo iliyosambaa. Aliendelea na utafiti. Alifariki tarehe 9 Juni 2024, akiwa na miaka 76.

Kazi yake imeacha mafunzo yanayomhusu kila mgonjwa. Tamoksifeni husaidia tu kansa inayotegemea estrojeni, kwa hiyo kipimo cha uvimbe kinatangulia dawa. Mwanamke anayeimeza asiiache bila kuongea na munganga wake. Na aliyekwisha koma hedhi akiona damu tena, hata kidogo, asingoje: aende hospitali.