Uroa: kijana akizidiwa, aanzie wapi?

Kijana wa Uroa mwenye jambo asiloweza kulisema mbele ya mama yake ana safari ya kama kilomita 40 mbele yake. Hospitali ya Mnazi Mmoja iko mjini. Hospitali ya akili ya Kidongo Chekundu iko mjini. Wanasheria wa Kituo cha Huduma za Sheria wako Migombani. Yeye yuko pwani ya mashariki ya Unguja, baina ya Chwaka na Pongwe, na nauli ya gari itabidi aiombe kwa mama huyo huyo, ambaye hatamkatalia ila atamuuliza: "Mjini unakwenda kufanya nini?"

Swali hilo huwarudisha wengi nyuma kabla hawajafika barabarani. Tukizungumzia huduma za vijana tumezoea kuhesabu majengo, na kwa majengo Zanzibar haiko nyuma sana. Kinachokosekana shamba ni mtu wa kwanza, yule aliye karibu, anayejua kijana apelekwe wapi, na asiyetoa siri.

Zamani mtu huyo alikuwapo. Msichana alikuwa na somo yake, mwanamke mzima aliyekabidhiwa rasmi kazi ya kumfunda, na somo aliambiwa yale ambayo mama mzazi haambiwi. Mvulana alikuwa na mjomba, alikuwa na mwalimu wa chuo cha Kurani, alikuwa na wazee wa barazani. Sehemu kubwa ya utaratibu huo sasa imebaki kwenye harusi. Somo huitwa siku chache kabla ya ndoa, kwa mambo ya ndoa, ilhali msichana wa miaka 14 ana maswali leo na hana wa kumuuliza zaidi ya rafiki yake wa darasa moja, ambaye naye ana miaka 14.

Na maswali yenyewe yamebadilika. Uroa ni kijiji cha wavuvi na wakulima wa mwani, zao lililoanza kulimwa kibiashara Unguja mwaka 1989 na kushikwa zaidi na wanawake. Umeme ulipofika kijijini ulibadili mambo mengi kiasi kwamba mtafiti wa Norway, Tanja Winther, aliandika kitabu kizima juu ya Uroa na umeme wake, kikatoka mwaka 2008. Hoteli nazo zikaja, na sasa simu yenye intaneti iko mikononi mwa vijana wengi. Mvulana anaweza kupata kibarua hotelini bila mkataba wowote, akakatwa mshahara asijue ashitaki wapi. Anaweza kuzoeana na mapapasi wa ufukweni akaonjeshwa unga, yaani dawa za kulevya. Msichana anaweza kuamka akakuta picha yake inazunguka kwenye makundi ya simu kijiji kizima. Somo wa mwaka 1970 hakuyajua haya, na hatuwezi kumlaumu.

Ukitaka kuona habari inavyosafiri Uroa, kaa na kina mama wanaofunga mwani kuelekea bamvua. Wamekaa kivulini, kamba zimetandazwa mapajani, mbegu zinafungwa moja moja kwa vikamba vidogo, na mikono imeizoea kazi hiyo hata macho hayahitajiki. Mazungumzo hayakatiki. Hao ndio wa mwanzo kujua kwamba binti fulani ana wiki mbili hajaonekana skuli, kwamba kijana wa fulani ameanza kuiba vitu vya nyumbani. Wanajua, wanasikitika, wanamwombea dua. Habari inafika kila nyumba isipokuwa kwa mtu mwenye uwezo wa kufanya kitu.

Mtu huyo yupo, na inaniuma kwamba hafahamiki. Kila shehia Zanzibar ina mratibu wa wanawake na watoto. Kazi yake ni kupokea kesi za udhalilishaji, kuzungumza na familia, kutoa ushauri, na jambo likimzidi kulifikisha kwa ofisa ustawi wa jamii wa wilaya. Wilaya ya Kati, ambayo Uroa imo, ofisi zake ziko Dunga, njiani kabisa mwa gari la mjini. Lakini muulize kijana wa miaka 16 nani mratibu wa shehia yake. Mara nyingi atakutajia jina la sheha. Sheha ni mzee wa watu na heshima yake kubwa, ila msichana hawezi kukaa mbele yake akamweleza yanayomsibu mwilini mwake.

Kuna njia nyengine isiyohitaji gari wala nauli. Namba 116 ni simu ya kitaifa ya huduma kwa mtoto, inayoendeshwa na taasisi ya C-Sema, na inapatikana Bara na Zanzibar. Haitaki salio. Anayepiga anasikilizwa na mshauri aliyefundishwa kazi hiyo, si lazima ataje jina lake, na mshauri akiona mtoto yumo hatarini huwasiliana na ofisa ustawi wa jamii wa eneo hilo. Kwa kijiji ambacho muuguzi wa kituo cha afya anaweza kuwa shangazi yako, simu ina faida ambayo jengo halina: hakuna anayekuona ukiingia mlangoni. Upungufu wake ni kwamba iliwekwa kwa ajili ya watoto, yaani walio chini ya miaka 18, na kwamba msichana asiye na simu yake atalazimika kuazima ya mama na kutafuta pembe ya kusemea.

Kwenye udhalilishaji nitakaa kidogo, maana hapo kuchelewa kunagharimu maisha ya mtu. Zamani aliyebakwa alianza polisi kuchukua fomu ya PF3, akaenda hospitali, akarudi polisi, na kila mlango alisimulia upya yaliyompata mbele ya watu wapya. Mwaka 2011 kikafunguliwa Mnazi Mmoja kituo cha Mkono kwa Mkono, ambapo daktari, polisi, mshauri nasaha na mtu wa ustawi wa jamii wako chini ya paa moja. Baadaye vikafuata vyengine, kikiwemo cha Makunduchi. Kwenye ramani Makunduchi na Uroa ni mkoa mmoja, Kusini Unguja. Lakini ghuba ya Chwaka imekaa katikati na magari ya Uroa yanaelekea mjini, kwa hiyo kwa mtu wa Uroa Mnazi Mmoja ndiko karibu.

Kila nyumba inapaswa kuyajua haya: mtoto akidhalilishwa asioge, nguo alizovaa zisifuliwe, na apelekwe siku ile ile. Dawa za kumkinga na VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu zake. Kinachozipoteza saa hizo si umbali peke yake. Ni muhali. Mkosaji ni jirani, au ni mkwe, au ndiye mwenye chombo ambacho baba anakwenda nacho baharini, basi wazee wanakaa kikao, zinatajwa fedha, wakati mwengine inatajwa ndoa, na mtoto anaambiwa anyamaze. Zanzibar ina mahakama maalumu ya makosa ya udhalilishaji tangu 2021. Kesi iliyomalizwa sebuleni haifiki huko.

Tunapotamka udhalilishaji, wengi wetu tunamfikiria msichana. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanywa mwaka 2009, na matokeo yake kutangazwa 2011, ulionesha kwa Zanzibar jambo lililopaswa kututikisa zaidi ya lilivyotutikisa: takriban wavulana 9 katika kila 100 walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18, na kwa wasichana ilikuwa takriban 6. Mvulana hana somo hata wa jina. Akilia anaambiwa mwanamme halii. Mkono kwa Mkono inampokea kama inavyompokea dada yake, na mzazi anapaswa kumpeleka vivyo hivyo.

Kwa waliotumbukia kwenye unga, Zanzibar ina historia ya kujivunia. Nyumba za kuacha dawa za kulevya, ambazo wenyewe wanaziita soba, zilianza hapa mwaka 2009, na miongoni mwa waanzilishi ni Suleiman Mauly, aliyekuwa mtumiaji na akaacha. Wanaowapokea wapya ni watu waliopitia wenyewe arosto, yaani mateso ya kukosa dawa, na teja humsikiliza haraka zaidi mtu wa namna hiyo kuliko mtu mwenye koti jeupe. Kisha mwaka 2015 Kidongo Chekundu ikaanza kutoa methadoni, miaka minne baada ya Muhimbili. Lakini methadoni hunywewa kila siku mbele ya mhudumu. Piga hesabu ya nauli ya kwenda na kurudi kutoka Uroa, kila siku ya Mungu, kwa kijana asiye na kazi. Na jina lenyewe la Kidongo Chekundu linawatia watu hofu, kwa kuwa tangu utotoni tumelisikia kama mahali wanapofungiwa wendawazimu. Ni hospitali ya afya ya akili, na mtu huenda kutibiwa kama anavyotibiwa malaria.

Mengine ni mepesi kidogo, ila nayo huharibikia kwenye kutojua. Msichana akipata mimba skuli, Zanzibar imemruhusu kurudi masomoni baada ya kujifungua tangu mwaka 2010, miaka mingi kabla ya Bara kufanya hivyo Novemba 2021. Asiyelijua hili huozwa haraka kuficha aibu, na skuli ndiyo basi. Kijana anayefanya kazi hotelini bila mkataba analindwa na Sheria ya Ajira ya mwaka 2005. Kituo cha Huduma za Sheria, kilichoanzishwa 1992 na marehemu Profesa Haroub Othman na Profesa Chris Maina Peter pamoja na wenzao, kimefundisha wasaidizi wa sheria Unguja na Pemba ambao kazi yao ni kuwafuata watu huko huko waliko. Wanawake wanasheria wana jumuiya yao, ZAFELA, tangu 2003. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2018 inataka asiye na uwezo asaidiwe bila malipo.

Ninachokiomba kwa Uroa hakihitaji bajeti ya wizara. Mratibu wa shehia aingie skuli na aingie vyuoni, ajitambulishe kwa jina na kwa sura, asisubiri kesi. Namba 116 iandikwe kwa rangi ukutani mwa skuli, kituo cha afya, na dikoni ambako wavulana walioacha masomo ndiko walipo. Mabaraza ya vijana, yaliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2013, yatenge watu wawili katika shehia, mwanamke na mwanamme, wenye orodha ya kila huduma niliyoitaja na wenye kiapo cha kutunza siri. Hoteli zinazopata faida kutokana na ufukwe huu zichangie nauli ya kijana anayekwenda kutibiwa mjini; kwa hoteli ni fedha ndogo.

Nawe kijana unayelisoma gazeti hili, pengine lilikuwa limefungiwa kitu na umelikuta tu, piga 116. Haitozi hata shilingi moja, na si lazima useme wewe ni nani.