Kabla ujiite landilodi, piga hesabu ya mwezi mbaya

Uko kwa matatu inapita Ruiru. Unatazama zile ploti za kukodisha zilizobanana kando ya barabara, na kichwani unazidisha: vyumba sita mara elfu tano, elfu thelathini kila mwezi nikiwa nimelala. Shosho ameshakuonyesha kipande cha shamba. Sacco imekubali mkopo. Kilichobaki ni fundi tu, ama?

Ngoja kwanza. Hiyo hesabu ni ya mwezi mzuri.

Tuseme vyumba vyote vimejaa na kila mtu amelipa. Umepokea 30,000. Toa 2,250 za KRA, 3,500 za msimamizi, maji na stima ya nje, 3,000 za kuweka kando kwa ukarabati, na 14,000 za Sacco. Unabaki na 7,250. Si mbaya.

Sasa leta Januari. Chumba kimoja kiko tupu. Wa chumba cha nne anakuambia utaona kitu wikendi, na hakuna wikendi inayofika. Umepokea 20,000. Ushuru umeshuka hadi 1,500, lakini Sacco haijui karo wala Njaanuari. Umeingia kwa shimo la 2,000, na choo bado hakijajaa.

Ndio maana usipokee mpangaji wa kwanza kabla hujaweka kando angalau awamu tatu za mkopo.

Hiyo ya KRA nayo huwashika wengi. Kodi ya nyumba za kuishi ikiwa kati ya 288,000 na milioni 15 kwa mwaka, unalipa asilimia 7.5 ya ulichopokea. Ilikuwa asilimia 10 hadi mwisho wa 2023. Hukatwi kwa faida. Hata kama pesa yote ilienda kwa paa linalovuja, asilimia ni ile ile. Na usingoje Juni: unajaza kwenye iTax na kulipa kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Ukiwa chini ya 288,000, huingii kwa mpango huo, ila mapato yenyewe unayatangaza kwenye ritani ya mwaka.

Swali la pili: hati ya shamba iko kwa jina la nani? Shosho anakupenda, sawa. Lakini akituaga kabla hajakuhamishia, nyumba zako zitahesabiwa pamoja na shamba, na wajomba wote watakuwa mezani. Fanya utafutaji rasmi wa hati, kaeni chini kama familia, muandikiane. Aibu ya kuuliza leo ni ndogo kuliko kesi ya miaka kumi.

Halafu kuna kufuli. Jamaa mmoja ninayemjua alichoka kungoja kodi, akafunga mlango wa mpangaji na vitu vikiwa ndani. Alidhani anakomesha deni. Yule dada alirudi na mtu wa sheria, akisema kuna laptopu na pesa zilizopotea. Mwishowe jamaa alisamehe deni la miezi miwili na bado akalipa juu. Sheria haikuruhusu kufunga mlango, kung'oa mabati wala kutupa vitu vya mtu nje bila amri. Mpangaji akishindwa, mpe notisi ya maandishi, kisha ufuate njia ya mahakama.

Dawa ni karatasi, tena mapema. Andikeni mkataba hata wa ukurasa mmoja: kodi ni ngapi, inalipwa tarehe gani, diposti inarudi lini na inakatwa kwa nini. Piga picha za chumba siku ya kuingia, mpangaji akiwepo. Pokea kodi kwa namba moja ya M-Pesa isiyochanganyika na pesa zako za chipo.

Ukipiga hesabu ya Januari na bado inaingiana, ita fundi. Isipoingiana, anza na vyumba viwili. Hakuna anayekukimbiza.